Mti Ndani ya Jedwali: Jinsi ya Kuhifadhi Kategoria Zenye Ngazi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akitaka kuuza mtandaoni, hatakubali bidhaa zake zirundikwe kwenye orodha moja ndefu. Anataka mteja aingie Vifaa vya Ujenzi, akute Mabomba na Rangi. Akifungua Mabomba akute Mabomba ya PVC na Viungio. Akifungua Viungio akute elbo, tii, soketi na ndugu zao. Mpangilio huo anaujua kwa moyo, maana ndivyo rafu zake zilivyo. Kazi inaanza pale unapoketi kuutia kwenye hifadhidata, kwa sababu jedwali ni kitu bapa. Lina mistari na safu, basi. Halijui juu wala chini, wala halijui nani yuko ndani ya nani.

Jibu la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kuongeza safu: kategoria_1, kategoria_2, kategoria_3. Kila bidhaa inaandikiwa njia yake yote kwa maneno. Elbo ya nusu inchi itabeba "Vifaa vya Ujenzi", "Mabomba", "Viungio". Siku ya kwanza inapendeza. Kisha mwenye duka anaamua "Mabomba" liitwe "Mabomba na Maji", na inakubidi ubadilishe maelfu ya mistari, huku ile iliyoandikwa "mabomba" kwa herufi ndogo ikibaki nyuma. Halafu anataka ngazi ya nne kwa upande wa mabomba tu. Rangi hazina ngazi ya nne, kwa hiyo safu mpya inakaa tupu kwa nusu ya duka. Na ukitaka kuongeza kategoria ambayo bado haina bidhaa, huna pa kuiandika, kwa kuwa kategoria zenyewe hazina jedwali lao.

Kuna wanaotetea safu zisizobadilika kwa hoja kwamba baadhi ya ngazi zimewekwa na sheria, hazichezichezi. Mfano unaopendwa ni utawala wa Tanzania: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Tengeneza jedwali moja kwa kila ngazi na mambo yamekwisha. Lakini tazama vizuri. Mjini, chini ya kata kuna mtaa, na mtaa haugawanywi vitongoji. Zanzibar chini ya wilaya unakutana na shehia. Kwa hiyo hata mti huu unaodhaniwa umenyooka una matawi ya urefu tofauti, na jedwali la kila ngazi litakulazimisha ubuni vitongoji hewa ili mitaa ipate pa kukaa. Pale ambapo ngazi kweli ni zilezile kila upande, kama mwaka, mwezi na siku, majedwali au safu tofauti ni sawa kabisa. Kwingine kote, afadhali mti.

Njia iliyozoeleka ni kuipa kila kategoria mstari wake, na katika mstari huo kuandika mzazi wake ni nani:

CREATE TABLE kategoria (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL,
  mzazi_id INTEGER REFERENCES kategoria(id)
);

Jedwali linajirejelea lenyewe. Kategoria ya juu kabisa haina mzazi, kwa hiyo mzazi_id yake ni NULL, yaani haina thamani. Tujaze duka letu: 1 Vifaa vya Ujenzi, 2 Mabomba, mzazi 1, 3 Rangi, mzazi 1, 4 Mabomba ya PVC, mzazi 2, 5 Viungio, mzazi 2, 6 Rangi za Mafuta, mzazi 3, 7 Elbo, mzazi 5. Mistari 7, na mti mzima umo. Kubadilisha jina ni kugusa mstari mmoja. Kuhamisha Viungio pamoja na kila kilichomo ndani yake kwenda kwingine ni kugusa mstari mmoja pia, kwa sababu Elbo anamfuata mzazi wake bila kuambiwa. Ngazi zinaweza kuwa mbili upande huu na saba upande ule, jedwali halijali.

Mambo mawili madogo huwasumbua wageni wa muundo huu. La kwanza, NULL hailingani na kitu chochote, hata NULL mwenzake; anayetafuta kategoria za juu kwa kuandika mzazi_id = NULL atapata orodha tupu na kuanza kulaumu seva. Andika mzazi_id IS NULL. La pili, programu ya hifadhidata ya PostgreSQL haikuwekei faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu ya ufunguo rejea (foreign key, safu inayoelekeza kwenye mstari mwingine, kama mzazi_id). MySQL kupitia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hukuwekea. Bila faharasa kwenye mzazi_id, kila utakapouliza watoto wa fulani, jedwali lote litasomwa tangu mwanzo.

Ubaya wa mzazi_id, kama unavyosimuliwa miaka yote, ni kwamba unamjua mzazi na mtoto tu. Ukiuliza "nipe kila kilicho chini ya Mabomba, hata kiwe ndani kiasi gani", swali la kawaida la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, halitoshi. Unaliunga jedwali na nafsi yake mara moja kupata watoto, mara ya pili kupata wajukuu, na hujui ukome wapi. Wengine huandika programu inayouliza hifadhidata kategoria moja moja, ikishuka ngazi kwa ngazi, na ukurasa mmoja wa duka unaishia kutuma maswali mamia.

Ubaya huo ulikuwa wa kweli kwa miaka mingi, na hapa ndipo maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yanapompotosha msomaji wa leo. Oracle ilikuwa na CONNECT BY tangu miaka ya 1980, lakini ilikuwa yake peke yake. Kiwango cha SQL cha mwaka 1999 ndicho kilicholeta WITH RECURSIVE, yaani swali linalojiita lenyewe hadi majibu yaishe. SQL Server iliipokea, bila neno RECURSIVE, katika toleo la 2005, PostgreSQL mwaka 2009 katika toleo la 8.4, SQLite mwaka 2014. MySQL, ambayo ndiyo iliyobeba tovuti nyingi ndogo na za kati, ilisubiri hadi toleo la 8.0 mwaka 2018. Katika kipindi chote hicho cha katikati, watu wa MySQL walilazimika kubuni njia za kuzunguka, na mafunzo waliyoandika bado yapo, bado yanasomwa, bado yanakwambia kwamba mzazi_id ni kwa ajili ya wanaojifunza tu. Hifadhidata yako ikiwa ya miaka hii, swali ni hili:

WITH RECURSIVE ukoo AS (
  SELECT id, jina, 0 AS kina
  FROM kategoria WHERE id = 2
  UNION ALL
  SELECT k.id, k.jina, u.kina + 1
  FROM kategoria k
  JOIN ukoo u ON k.mzazi_id = u.id
)
SELECT id, jina, kina FROM ukoo;

Lisome polepole. Sehemu ya juu inaweka mbegu: Mabomba, kina 0. Sehemu ya chini ya UNION ALL inachukua waliopatikana katika duru iliyopita na kutafuta watoto wao. Duru ya kwanza inaleta Mabomba ya PVC na Viungio, kina 1. Ya pili inaleta Elbo, kina 2. Ya tatu hairudi na mtu, kazi inaisha. Ukigeuza sharti la kuunganisha, yaani k.id = u.mzazi_id, na ukaibeba safu ya mzazi_id ndani ya ukoo, swali linapanda badala ya kushuka, na hivyo ndivyo unavyopata ule mstari wa juu ya ukurasa unaomwonyesha mteja alipo: Vifaa vya Ujenzi, Mabomba, Viungio, Elbo. Unganisha ukoo na jedwali la bidhaa, na una bidhaa zote zilizo chini ya Mabomba.

Na tuseme ukweli, duka lenye kategoria mia tatu halihitaji hata hilo. Soma jedwali lote kwa swali moja, jenga mti ndani ya programu, uhifadhi kwenye kumbukumbu hadi mtu atakapobadilisha kitu. Mia tatu ni mzigo mwepesi mno kwa kompyuta yoyote.

Basi kwa nini ziwepo njia nyingine? Kwa sababu ipo mifumo yenye kategoria makumi ya maelfu, inayosomwa mara nyingi sana na kubadilishwa mara chache, na huko kupanda na kushuka mti kwa kila ombi kunagharimu.

Njia rahisi kueleweka kati ya hizo ni kuandika njia nzima ndani ya mstari. Elbo inapata safu ya njia yenye maandishi '/1/2/5/7/', na Mabomba '/1/2/'. Kila kilicho chini ya Mabomba, pamoja na Mabomba yenyewe, kinapatikana kwa sharti njia LIKE '/1/2/%', ambapo % ni chochote kinachofuata. Wazazi hawahitaji swali, umeshawashika mkononi. Mkwaju wa mwisho ni wa lazima: bila huo, LIKE '/1/2%' ingebeba pia kategoria 20, 21 na 200, kosa ambalo haliwezi kuonekana duka likiwa na kategoria tisa, linajitokeza siku ya ishirini kuingia. Tumia namba, usitumie majina, la sivyo kila jina likibadilika njia zote za chini yake zinakuwa za uongo. Kwenye PostgreSQL kuna pia aina maalumu ya data iitwayo ltree kwa kazi hiihii. Na ukibaki na maandishi ya kawaida, kumbuka kwamba faharasa ya kawaida mara nyingi haitasaidia LIKE mpaka uiunde kwa text_pattern_ops au kanuni ya kupanga herufi (collation) iwe ile iitwayo C. Gharama ya njia hii iko kwenye kuhamisha. Viungio wakihama, kila mzao wao aandikwe upya. Na hifadhidata haina namna ya kukagua kama '/1/2/5/7/' ni kweli. Kwake hayo ni maandishi tu. Kwa sababu hiyo mimi huacha mzazi_id palepale kama ukweli wa msingi, na njia ninaichukulia kuwa nakala inayoweza kujengwa upya wakati wowote.

Njia ya pili ndiyo iliyopata sifa kubwa enzi za MySQL isiyo na WITH RECURSIVE, na mtu aliyeitangaza zaidi ni Joe Celko, mwandishi wa vitabu vya SQL. Kila kategoria inapewa namba mbili, kushoto na kulia. Uzipate hivi: anza juu ya mti, tembea ukingoni mwake, ukiingia kwenye kategoria andika namba ya kushoto, ukitoka andika ya kulia, huku ukihesabu bila kurudia. Kwa mti wetu inatoka hivi:

Vifaa vya Ujenzi 1–14
Mabomba 2–9
Mabomba ya PVC 3–4
Viungio 5–8
Elbo 6–7
Rangi 10–13
Rangi za Mafuta 11–12

Kilicho chini ya Mabomba ni kila chenye kushoto kati ya 2 na 9. Swali moja, hakuna kujirudia. Hata idadi ya wazao unaipata kabla ya kugusa mstari mwingine: 9 toa 2 toa 1, gawa kwa 2, ni 3. Kwa kusoma, huu ni ufundi wa hali ya juu, na si ajabu uliwateka watu.

Sasa mwenye duka anaongeza Koki chini ya Mabomba, baada ya Viungio. Koki anachukua 9–10. Mabomba inabidi iwe 2–11. Rangi inasogea kuwa 12–15, Rangi za Mafuta 13–14, na Vifaa vya Ujenzi 1–16. Umeongeza kategoria moja, umebadilisha mistari mingine minne, na miwili kati yake ni ya rangi, isiyohusiana kabisa na koki. Kwenye mti wa kategoria elfu kumi, kuongeza moja upande wa mwanzo kunaweza kugusa karibu jedwali zima, na wakati huo wote wanaohariri wengine wasubiri. Wawili wakihariri kwa pamoja bila kufungiana, namba zinaingiliana, na mti unaharibika bila hifadhidata kulalamika. Ukiona mfumo wa leo unaanza upya na kuchagua njia hii, uliza sababu. Kwa data inayopakiwa mara moja na kusomwa mwaka mzima, sababu ipo. Kwa duka, mimi siioni.

Njia ya tatu ndiyo ninayoielekea pale mzazi_id inapozidiwa. Pembeni ya jedwali la kategoria unaweka jedwali la pili, tuliite nasaba, lenye safu tatu: mhenga_id, mzao_id, umbali. Linaandika kila uhusiano wa juu na chini, si wa mzazi na mtoto pekee. Elbo ana mistari minne humo: yeye na nafsi yake kwa umbali 0, Viungio kwa umbali 1, Mabomba 2, Vifaa vya Ujenzi 3. Kwa mti wetu wa kategoria 7 jumla ni mistari 18. Walio chini ya Mabomba ni WHERE mhenga_id = 2. Walio juu ya Elbo ni WHERE mzao_id = 7. Watoto wa moja kwa moja, ongeza umbali = 1. Na funguo rejea zinafanya kazi, kwa hiyo hakuna mstari utakaomtaja mtu asiyekuwepo.

Kuongeza Koki chini ya Mabomba ni kunakili mistari yote ambayo Mabomba ni mzao, ukiweka Koki mahali pake na kuongeza umbali kwa moja, kisha mstari wa Koki na nafsi yake. Ni mistari mitatu, na Rangi hawana habari. Watu huogopa kwamba jedwali hili litafura. Ukubwa wake unafuata urefu wa mti kwenda chini: kategoria 5,000 zilizo, kwa wastani, katika ngazi ya nne ni mistari 20,000, na hiyo kwa hifadhidata ni kiganja cha mchele. Kuhamisha tawi ndiko kunahitaji akili kidogo: unafuta mistari inayowaunganisha wahenga wa zamani na tawi lote, kisha unaingiza mistari ya kila mhenga mpya kwa kila aliye ndani ya tawi. Fanya yote ndani ya muamala mmoja (transaction), yaani yafanikiwe yote au yasifanyike kabisa.

Njia yoyote utakayoichagua, kuna adui mmoja: mzunguko. Mtu anaburuta Mabomba na kuidondosha ndani ya Elbo. Ufunguo rejea unaridhika, maana Elbo ipo. Lakini sasa Mabomba ni mtoto wa Elbo, Elbo wa Viungio, Viungio wa Mabomba. Tawi zima limekatika kutoka kwenye mti; swali linaloanzia juu halitaliona, na bidhaa zake zitatoweka dukani kimyakimya. Swali linaloanzia Mabomba lenyewe halitaisha. MySQL italikata likifika duru 1,000 na kutoa kosa, kwa kuwa hicho ndicho kikomo chake cha kawaida. PostgreSQL itaendelea tu hadi uisimamishe, isipokuwa umetumia kipengele cha CYCLE kilichokuja na toleo la 14. Sharti la CHECK (id <> mzazi_id) linazuia mtu kujizaa mwenyewe na halizuii zaidi ya hapo. Kinga ni kupanda kutoka kwa mzazi mpya hadi juu kabla ya kuhamisha. Ukimkuta njiani yule unayetaka kumhamisha, kataa. Na funga mti wakati unakagua, kwa sababu wahariri wawili wanaohamisha kwa sekunde ileile wanaweza kila mmoja kupita ukaguzi wake na kwa pamoja wakaunda mzunguko.

Kufuta nako kuna mtego wake. ON DELETE CASCADE kwenye mzazi_id maana yake ni kwamba kufuta Mabomba kunafuta Viungio na Elbo bila kuuliza. Mimi huweka RESTRICT, inayokataa kufuta mwenye watoto, mtu alazimike kulihamisha au kulifunga tawi kwanza. Na ukitaka majina yasijirudie chini ya mzazi mmoja, UNIQUE (mzazi_id, jina) inafaa, ila haiwashiki walio juu kabisa: kwenye PostgreSQL, MySQL na SQLite, NULL mbili huhesabiwa tofauti, hivyo "Rangi" wawili wasio na mzazi watapita. PostgreSQL 15 imeleta NULLS NOT DISTINCT kwa ajili ya hili. Kwingine, wengi hutengeneza mzizi mmoja usioonekana kwa mteja na kuwaweka wote chini yake.

Lakini kabla ya yote hayo kuna swali ambalo mwenye duka atakuuliza wiki ya pili: gundi ya PVC ikae wapi? Kwenye Mabomba, ambako fundi bomba ataitafuta, au kwenye Gundi na Viambata? Anataka kote kuwili, na ana haki. Hapa watu hukimbilia kuiruhusu kategoria iwe na wazazi wawili, na mti unakufa. Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo zaidi: bidhaa moja iwe katika kategoria nyingi. Hilo ni jedwali la kati, bidhaa_kategoria, lenye bidhaa_id na kategoria_id, na kategoria zenyewe zinabaki na mzazi mmoja mmoja. Halafu utagundua kwamba "ya bluu", "nusu inchi" na "ya nje" hazikuwa kategoria tangu awali. Ni sifa za bidhaa, zinazohitaji safu au jedwali lao na kichujio pembeni mwa ukurasa.

Utata huu ni wa zamani kuliko SQL. IMS, hifadhidata ya IBM iliyozaliwa miaka ya 1960 kutokana na haja ya kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo, ilihifadhi data yote kama miti. Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alipoandika pendekezo lake la majedwali mwaka 1970, alitumia mfano wa vipuri na miradi: je, kipuri kiwe chini ya mradi, au mradi chini ya kipuri? Ukichagua mojawapo, programu zote zinafungwa na uchaguzi huo. Wikipedia ilichagua kuacha mti kabisa. Jamii za Wikipedia ya Kiswahili, kama za lugha nyingine, ni viungo huru. Ukurasa wa jamii unaweza kuingia katika jamii nyingi, kila kiungo ni mstari katika jedwali liitwalo categorylinks, na mizunguko hutokea. Anayetaka kuhesabu makala zote zilizo chini ya jamii fulani hana budi kukumbuka alikokwishapita.

La mwisho ni muda, na hapa nirudi kwenye mikoa maana duka halina shida hii. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu; mwaka 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya. Wilaya ya Mbozi ilihama nayo. Ukibadilisha mzazi_id ya Mbozi kutoka Mbeya kwenda Songwe, jedwali linaonyesha hali ya leo kwa usahihi, na ripoti ya Mbeya ya mwaka 2014, ikichapishwa upya, inatoka na jumla ndogo kuliko ile iliyokwisha kusambazwa. Kenya ndiyo zaidi: mikoa minane iliondoka, kaunti 47 za katiba ya 2010 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa data ya namna hii, uzazi wenyewe unatolewa kwenye jedwali la kategoria na kupewa jedwali lake: mtoto_id, mzazi_id, kuanzia, hadi. Mbozi inakuwa na mistari miwili, mmoja uliofungwa 2016 na mmoja ambao hadi yake ni NULL. Kila swali la kupanda au kushuka linabeba tarehe, na sharti la kuunganisha linaongezewa kuanzia <= tarehe AND (hadi IS NULL OR hadi > tarehe). Sharti hilo liwekwe katika kila duru ya swali linalojirudia, si kwenye mbegu tu, la sivyo utashuka kutoka Mbeya ya 2014 ukatokea katika wilaya za leo.